Eldoret inaweza kuandaa riadha ya dunia ya chipukizi? Mliokuwa Tampere 2018 nisaidieni

filimbi_ya_jioni

Wadau habari zenu. Niko Eldoret, nafundisha watoto kukimbia jioni wakitoka shule, si kocha wa jina, niko tu na filimbi na saa ya mkononi, watoto ni 30 na kitu na wengine wanakimbia na soksi sababu viatu vimewakataa.

Swali langu ni hili. Tangu Eldoret ipewe hati ya kuwa jiji Agosti 2024 nimekuwa nikiwaambia wenzangu siku moja tuandae riadha ya dunia ya walio chini ya miaka 20 (U20), hapa hapa nyumbani, na kila mara jibu ni lile lile, hiyo ni ya Nairobi, wewe unaota. Kweli Nairobi ilipata ile ya U18 mwaka 2017 na U20 mwaka 2021. Lakini nikaangalia U20 ya 2018 ilifanyika Tampere, Finland, na Tampere nasoma wakati ule ulikuwa mji wa watu kama 230,000 hivi. Sensa ya 2019 Eldoret tulihesabiwa zaidi ya 450,000! Sisi ni kama mara mbili yao. Na kule Tampere Kenya ndio iliongoza jedwali la medali, dhahabu 6, Manangoi mdogo, Zakayo, Chespol, Lekuta, Beatrice Chebet, hawa ni watoto tunawajua barabara walizofanyia mazoezi.

Sasa kama kuna mtu alikuwa huko aniambie, mji mdogo vile ulifanyaje? Walijenga stedi mpya? Wageni walilala wapi? Nataka kuelewa ni kitu gani hasa sisi hatuna. Kama jibu ni pesa pia semeni, ila semeni pesa ya nini.

mwanamwanza_kaskazini

Kaka filimbi shikamoo ya mbali, swali lako limenigusa maana mimi nipo Tampere tangu 2014 na mwaka ule nilijitolea, nilikuwa kwenye kundi la kubeba vikapu. Nitakueleza nilichokiona, mambo ya bajeti siyajui.

Kwanza stedi hawakujenga. Ratina ni uwanja wa tangu miaka ya 1960, upo katikati ya mji kabisa pembeni ya maji, ukishuka kwenye treni unatembea kwa mguu dakika kumi na kitu umefika, stendi ya mabasi ya mikoani ipo jirani. Mimi ni mtu wa Mwanza nimezoea mji wa ziwa, na Tampere ndo hivyo hivyo, umekaa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi juu na Pyhäjärvi chini, katikati maji yanashuka kwa nguvu na yale maji ndo yaliendesha viwanda vyao vya nguo zamani. Viwanda vimekufa lakini majengo ya matofali mekundu yapo, wameyageuza migahawa na makumbusho. Nasema hivi uone kwamba huu mji haukuwa na makeke yoyote, na mwaka ule barabara kuu Hämeenkatu ilikuwa imechimbwa chimbwa wanajenga reli ya tramu! Wageni wanafika wanakuta mashimo na uzio na mashindano yakaenda vizuri tu, kwa sababu kila kitu kilikuwa karibu, huhitaji gari. Mwanariadha anatoka kula anarudi kwa mguu, unakutana na mtoto wa Jamaika na mtoto wa Ethiopia dukani wanachagua juisi.

Halafu mavolontia. Hapa ndo nataka uelewe kaka. Julai shule na vyuo vimefunga, watu wapo likizo, ilikuwa 10 hadi 15 Julai, joto la ajabu mwaka ule na jua halizami hadi usiku mkubwa. Waliokuja kujitolea walikuwa wastaafu, wanafunzi, akina mama wa vilabu vya riadha vya mitaani, baba ambaye kila Jumamosi anapima miruko ya watoto mchangani miaka yote sasa anapima ya dunia, kazi ni ile ile tepu ni ile ile. Hawakufundishwa upya kupenda riadha. Nchi hii watu wa umri wa bibi yangu bado wanamtaja Paavo Nurmi, mkimbiaji wao wa zamani, kama jirani yao.

Kazi yangu mimi: mbio zikikaribia kuanza mwanariadha anavua trakisuti, anaweka kwenye kikapu nyuma ya leni yake, sisi tunabeba tunakimbiza upande wa pili anapomalizia. Basi. Lakini ukiwa pale mstari wa kuanzia unaona mikono ya watoto inavyotetemeka. Nilibeba mbio za mita 400 za wasichana siku ile Hima Das wa India anashinda, kona ya mwisho bado alikuwa nyuma, tukiwa tunakimbia na vikapu tukasikia uwanja umebadilika sauti, kageuza mita 100 za mwisho kashinda kwa 51.46, Mhindi wa kwanza kupata dhahabu ya mbio za uwanjani kwenye mashindano ya dunia ya ngazi yoyote. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu cha mwingine kabisa na nalia.

Na Chebet wenu yule, alishinda 5,000 pale, kadogo kamenyamaza kimya. Nikimuona sasa ana dhahabu mbili za Paris na ndo mwanamke wa kwanza kukimbia 10,000 chini ya dakika 29 na 5,000 chini ya dakika 14, namwambia mume wangu huyu nilimuona Ratina akiwa mtoto, hanielewi kwa nini narudia rudia.

bwana_wa_likoni

Asalaam aleikum nyote. Mimi niongezee ya hapa nyumbani maana watu wanasahau kuwa Kenya ishawahi kutoka nje ya Nairobi. Mombasa 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia, uwanja wa gofu pale baharini njia ya Likoni. Haikuwa ya vijana peke yao lakini mbio za vijana zilikuwamo, na kwa wasichana alishinda Linet Masai, miaka miwili baadaye akawa bingwa wa dunia wa 10,000 kwa wakubwa kule Berlin.

Nlikuwa pale, nlivuka feri na wadogo zangu wawili. Machi kaskazi inakufa, upepo hauko, joto la kukukalia kifuani, wageni walidhani watakimbia Afrika ya milimani wakakuta jua la utosi na chumvi. Mbio za wanaume wakubwa watu walijitoa mmoja baada ya mmoja hata Kenenisa Bekele akatoka mzunguko wa mwisho, akashinda Zersenay Tadese wa Eritrea. Sasa watu wa Mombasa si watu wa riadha, sisi ni mpira na bahari, lakini siku ile wallahi watu walijaa hadi uzio ukawa hautoshi. Watoto juu ya miti.

Ila ndugu yangu nikwambie kinachoniuma. Ilipoisha iliisha. Hakuna mbio za kila mwaka za watoto zilizobaki nikazijua pale mtaani kwetu, wadogo zangu mwezi mzima walikuwa wakikimbia alfajiri ufukweni kisha hawakuona pa kwenda na hizo mbio zao, mmoja sasa ni fundi wa pikipiki. Kwa hivo mimi swali lako ningeligeuza, usiulize tu kama Eldoret itaweza zile siku tano sita, uliza siku ya saba mtoto wako wa soksi atakuwa anakimbilia wapi.

afisa_wa_mstari

Nimesimamia mashindano kadhaa upande wa saa na mstari wa kumalizia kwa hiyo nitaongea ya kiufundi kidogo.

Filimbi, umesema "pesa ya nini". Nitakwambia. Stedi yenye viti sio shida ya kwanza. Shida ya kwanza ni uwanja wa pili. Mashindano ya ngazi ile lazima pawe na treki nyingine jirani ya kupasha misuli, yenye raba ile ile, na sehemu ya kurushia vitu vizito tofauti, huwezi kuacha vijana wanarusha mkuki na nyundo huku wengine wananyoosha miguu. Kutoka pale kuna chumba cha kuitwa, wanakaguliwa namba na spaiki, yaani meno ya viatu, wanatembezwa hadi uwanjani kwa muda uliopangwa kwa dakika. Umbali wa pale katikati ukiwa mkubwa ratiba yote inakufa. Miji mingi ya kwetu ina treki moja, ikijengwa ya pili inawekwa upande mwingine wa mji.

Pili kamera ya mstari wa kumalizia. Hapo hapo Tampere fainali ya 100 wavulana alishinda Lalu Muhammad Zohri wa Indonesia, leni ya 8, kwa 10.18, hakuna aliyemtarajia. Nyuma yake Wamarekani wawili wote wameandikiwa 10.22, fedha na shaba zikaamuliwa na elfu za sekunde. Saa ya mkono hapo haina kazi. Kamera, kipima upepo, vitalu vya kuanzia vyenye sensa, umeme wa akiba, na watu waliozoea kuvitumia, sio waliofundishwa wiki iliyopita.

Tatu mwinuko. Eldoret ni kama mita 2,100 juu ya bahari. Kwa mbio fupi na miruko hewa nyepesi inasaidia, na matokeo ya juu ya mita 1,000 yanaandikwa na herufi A pembeni. Lakini mtoto wa 5,000 kutoka Uholanzi au Japani atateseka, na makocha wao watalalamika, hilo tulikubali mapema. Nairobi nayo iko karibu mita 1,800 na walikuja. Wengine hawakuja 2017, Marekani, Uingereza, Canada na Australia hawakuleta timu, lakini siku ya mwisho uwanja wa Kasarani ulijaa pomoni. Na George Manangoi aliyeshinda 1,500 pale ndiye mwaka uliofuata akamshinda Jakob Ingebrigtsen Tampere.

Miji midogo inayofanikiwa ina kitu kimoja, inarudia. Angalia Bydgoszcz kule Poland, ile ya kwanza kabisa ya dunia ya U18 mwaka 1999 ilikuwa kwao, wakachukua U20 mwaka 2008, wakachukua tena 2016 baada ya Kazan ya Urusi kunyang'anywa, maana vifaa na watu wapo. Eugene Marekani ni mji wa chuo kikuu, waliandaa U20 mwaka 2014 na jirani yenu Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, Uganda, alishinda 10,000 pale, 2022 wakaandaa ya wakubwa. Tampere wenyewe walianza na ya Ulaya U23 mwaka 2013, ndipo 2018, kisha 2025 Ulaya U20, uwanja ule ule wa Ratina.

njoro_wa_hesabu

Sitaki kuvunja mtu moyo ila tusidanganyane. Vitanda je? Timu zaidi ya 100, makocha, madaktari, waandishi. Ulaya kila mji una hoteli na kama hautoshi treni ni saa moja na nusu hadi Helsinki. Sisi ni barabara moja ya Nakuru na ikifungwa imefungwa.

mwanamwanza_kaskazini

Njoro ni kweli kabisa, na ndege nyingi zinashuka Helsinki sio Tampere. Lakini Eldoret kuna uwanja wa ndege wa kimataifa kaka na vyuo vikuu viko pale, vyuo vikifunga mabweni yanabaki matupu. Vitanda vipo, vinahitaji magodoro mazuri na maji ya moto na chakula ambacho hakitamuumiza tumbo mtoto wa miaka 17 siku ya mbio zake. Hilo la chakula msilichukulie kirahisi.

filimbi_ya_jioni

Asanteni sana sana, nimesoma zote mara mbili na nyingine nimemsomea mke wangu. Bwana wa Likoni umenigonga mahali. Na afisa nimekuelewa, kumbe hata hatungeanza na stedi, tungeanza na treki ya pili na watu wa saa. Hapa Eldoret ile mchujo wa Olimpiki wa 2016 ulifanyika uwanja wa Kipchoge Keino na watu walijaa, kwa hivyo mapenzi yako, watu wa kushika tepu ndio wachache. Ukiuliza hapa nani anataka kuwa mkimbiaji mikono yote iko juu, ukiuliza nani anataka kuwa mwamuzi wanaangaliana.

Nimeamua Jumamosi ya wiki mbili zijazo niite shule sita za karibu, mbio za watoto tu, 400, 800 na kuruka mbali. Wazazi wawili wameshakubali kupima. Wale watoto wakubwa ambao hawakimbii siku hiyo nawapa kazi ya vikapu kama ya dada, wajifunze kusimama pale mstari wa kuanzia.

Dada, vile vikapu viliandikwa jina la mwanariadha ama namba?

mwanamwanza_kaskazini

Namba ya leni tu kaka, kubwa, mbele. Majina yanachanganya mkiwa mnakimbia. Na waambie wasivipange juu ya kingine hata kama ni vyepesi, viatu vya mtu vikidondoka njiani atamaliza mbio anatembea peku anavitafuta. Mbio za kuanzia na kumalizia sehemu moja kama 400 na 800 usivihamishe mbali, sogeza tu nyuma ya mstari wanapotokea. Tafuta vya plastiki vya nyanya vile vya sokoni, vinatosha kabisa. Picha tafadhali.

afisa_wa_mstari

Filimbi niandikie pembeni. Nina bendera nne na tepu ya mita 50 ambayo siitumii, nitakutumia na basi la Ijumaa.