Tupeane uzoefu: marafiki walikubeba au walikuzima kwenye mpira?

Wakuu, nianze mimi. Mwaka 2011 niko darasa la sita, Igombe, Mwanza. Jumamosi asubuhi mwalimu wa michezo anasaka wachezaji wa UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi. Watoto zaidi ya hamsini, mpira mmoja, yeye peke yake. Akauliza tu, "Nani mkali hapa?" Wenzangu wa chandimu, mpira wa mtaani, wakalitaja jina langu kwa kelele, nikapewa kizibao kabla sijagusa mpira.

Aliyenizidi kwa mbali hakuwepo. Alikuwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na mama yake wanaanika dagaa, maana wakishushwa alfajiri hawasubiri. Yeye mpira wa makaratasi ukishuka, anaupokea kwa unyayo mtupu, palepale kwenye mawe, na haudundi. Hakuna aliyemtaja. Nami nilinyamaza, kwa sababu nilijua akiitwa, nafasi yangu imekwenda. Nilifika timu ya wilaya. Yeye hakuna kocha aliyewahi kumwona. Inaniuma mpaka leo.

Wengine mlionekanaje, au mlipoteaje?

Mdau, Ukerewe
Mimi nilitoka Nansio kwenda majaribio Mwanza mjini. Vijana wa pale wamekua pamoja, wanaitana kwa majina ya utani. Dakika ishirini nzima nakimbia pembeni naita, pasi haiji. Niligusa mpira mara mbili, zote nilikuwa narusha. Kocha ana daftari mkononi, sasa winga asiyepewa mpira ataandikiwa nini? Nilirudi na kivuko cha kesho yake.

Dada wa Sengerema
Sisi wasichana tulikuwa watatu, tunakwenda mazoezini pamoja na kurudi pamoja, giza likiwa limeingia. Wawili wakaacha. Kocha alinihitaji golini, lakini ile njia ya kurudi peke yangu ndiyo iliyonishinda.

Kocha wa watoto, Ilemela
Nimewasoma wote na nimejiona humo. Siku hizi kwenye majaribio nawachanganya, wa mtaa mmoja hawavai rangi moja, na kila baada ya dakika kumi nabadilisha timu. Kisha namuuliza kila mtoto pembeni, peke yake: nani hayupo leo ambaye angepaswa kuwepo? Swali hilo limenipa wachezaji kuliko macho yangu. Ila sauti ya watoto nayo naipima. Wanampenda aliyewatangulia kukua. Umri ukikatwa Januari mosi, wa Januari na wa Desemba wanahesabiwa rika moja, na kati yao kuna karibu mwaka mzima. Kwa hiyo natazama na mwezi wa kuzaliwa kabla sijamwacha mdogo.

Mwanzisha uzi
Kocha, asante sana. Yule rafiki yangu ana mdogo wake wa mwisho, miaka kumi, naye anatumia kushoto. Asubuhi yuko mwaloni. Una mazoezi ya jioni? Nitamleta mwenyewe.