Mkimbizi akifanywa kachero kwenye riwaya: tunamjenga au tunamchongea?

Mleta mada, Mbeya mjini
Wakuu, chukulieni riwaya ya namna hii. Binti Mkongomani anatolewa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, polisi wanampenyeza kama mhudumu wa gesti hapa Mwanjelwa ili anase genge linalovusha Wahabeshi kwa malori kupitia Tunduma, mpakani na Zambia. Je, mwandishi ana haki ya kumtwisha mkimbizi ushushushu?

Mhariri, Iringa
Hana. Mkimbizi tayari anatazamwa kwa jicho la pembeni. Msomaji akimaliza kitabu hicho, kila jirani mwenye lafudhi ngeni atamwona katumwa. Halafu Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 kuhusu wakimbizi, ibara ya 3, unamkataza mkimbizi shughuli za hujuma.

Wakili, Mbeya
Dada Mhariri, ibara hiyo inazungumzia hujuma dhidi ya nchi wanachama. Genge la Mwanjelwa si nchi. Mimi shida naiona kwingine. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka akae eneo lililotengwa, na akitoka bila kibali ametenda kosa. Kwa hiyo sura ya kwanza isianze na bastola, ianze na kibali: nani kasaini, kinaisha lini, nani mwingine kakiona. Kikiisha akiwa kazini na mabosi wakamkana, anakamatwa kama mhamiaji haramu mwingine yeyote.

Tena waandishi wanachanganya makosa mawili. Anayelipa avushwe mpaka, hapo ni kosa la uhamiaji. Usafirishaji haramu wa binadamu chini ya sheria ya 2008 unadai pawe na unyonyaji: kazi za kulazimishwa, utumwa na mengine ya aina hiyo. Kachero asiyejua tofauti hiyo ataleta ushahidi wa kesi isiyokuwepo.

Mwandishi, Uyole
Naongeza yanayoua riwaya hizi. Simu kwanza. Tangu 2019 laini inasajiliwa kwa alama za vidole. Akitaja namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ya mtu mwingine, kidole hakitalingana, mashine inakataa. Namba yenyewe ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa; kitambulisho cha kughushi cha binti wa miaka 22 kikianza na 1979, mtu makini anakishtukia palepale. Atatumia laini ya mtu. Huyo mtu ndiye uzi wa kumfikia, aonekane mapema kitabuni.

Silaha yake ni daftari la wageni. Jina, kabila, atokako, aendako. Wageni watano, mwandiko mmoja, wote "wanatoka Arusha", safu ya kabila tupu. Kamera kwenye kifungo cha shati ya nini?

Lugha sasa. Mtu wa Kivu akichoka, "batu banakuya" (watu wanakuja) inamtoka yenyewe. Akijipa jina la Kinyakyusa, salamu ya "ugonile" ya mama muuza ndizi itamwangusha asubuhi ya kwanza. Afadhali ajiite mtu wa Kigoma, Kiswahili chake kitapita. Ila akikutana na Muha, mwenyeji wa Kigoma, kwisha habari.

Na jamani, Mbeya hadi Tunduma ni kama kilomita 100. Kuna mteremko wa Iwambi, kuna mizani ya Mpemba, kuna foleni ya malori. Lori la kufika kwa nusu saa mnalitoa wapi?

Mhariri, Iringa
Daftari nimelipenda. Lakini hamjanijibu. Genge likikamatwa, anarudi wapi? Nyarugusu, kwa majirani walewale, baada ya kusimama mahakamani na sura yake kuonekana?

Wakili, Mbeya
Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015.

Mhariri, Iringa
Imwondoe kambini?

Mwandishi, Uyole
Basi asitoe ushahidi kabisa. Daftari lipokelewe kama kielelezo, na mwenye gesti ndiye alitambue mbele ya hakimu.

Mleta mada, Mbeya mjini
Mwenye gesti ambaye wageni hewa wanaandikwa mezani kwake kila wiki na hajauliza?