Mkate mweupe wa kuoka nyumbani: tupeane uzoefu

MamaPacha58, Nakuru
Hamjambo wapendwa. Tangu shule zifungwe mikate miwili kwa siku haitoshi hapa kwangu, nikaamua nioke mwenyewe. Nimeoka mara tatu na zote mkate umetoka mzito, katikati unanata kama ugali mbichi. Vipimo vyangu: unga nusu kilo, maji ya vuguvugu vikombe vidogo viwili (kama mililita 300), hamira vijiko viwili vya chai, chumvi kimoja, sukari kijiko cha mezani, mafuta viwili. Nauacha saa nzima kama nilivyoelekezwa, lakini hauumuki. Hapa mtaani Section 58 Agosti hii tunashinda na sweta ndani ya nyumba. Mliofaulu, semeni mlifanyaje.

WaKondele
Dada, vipimo ni sawa kabisa. Kinachokusumbua ni hiyo saa moja. Mimi nililelewa Limuru kwenye baridi, tukiumua unga kando ya jiko hata saa mbili. Nilipoolewa Kisumu kwenye joto nikaendelea vivyo hivyo. Nikauacha unga mchana, nikaenda soko la Kibuye kununua omena. Kurudi, umefura mpaka umemwagika nje ya karai, harufu kama ya pombe ya busaa. Niliuoka hivyo hivyo, ukabonyea katikati na ukawa mchachu.

Tangu siku hiyo sitazami saa, natazama unga. Paka kidole unga mkavu, bonyeza. Shimo likirudi haraka, bado. Likirudi polepole na alama ikabaki, oka. Lisiporudi kabisa, umepitiliza. Kwangu mchana wa jua dakika 40 zinatosha. Kwako ngoja, hata ikiwa saa mbili.

Shamberere_K
Niko Kakamega, sina oveni, na naoka kila Jumamosi. Sufuria kubwa, ndani mchanga mkavu wa vidole viwili, juu yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Funika kwa kifuniko cha bapa. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Hapo ndipo wengi hukosea: wanawasha moto mkali chini, mkate unaungua kitako na juu unabaki mweupe. Kifuniko usikifungue dakika 30 za kwanza. Ukikifungua, kiinue wima kabisa, la sivyo jivu lote linaingia kwenye mkate. Ugonge chini kwa vidole, ukilia kama ngoma tupu umeiva.

Kuhusu gharama: pakiti ya unga ya kilo 2 inanipa mikate minne mikubwa, kila mmoja karibu sawa na miwili ya gramu 400 ya dukani. Lakini makaa ni pesa. Nikioka mmoja pekee sioni faida, nikioka miwili kwa moto uleule naiona.

NjoroMkulima
MamaPacha, maji unayapimaje? Huku kwetu kwenye baridi mtu anashawishika kutia maji ya moto ili unga uamke. Ukifanya hivyo umeua hamira. Tia kidole kwenye maji, usisikie moto wala baridi. Koroga hamira na sukari humo, subiri dakika kumi. Pasipo povu, usipoteze unga wako.

Halafu kanda. Dakika kumi kamili, si tatu. Vuta kipande kidogo kati ya vidole: kikitanuka chembamba hadi uone mwanga bila kuchanika, umefika. Na usikate mkate ukiwa moto, bado unajimalizia kuiva ndani.

MamaPacha58, Nakuru
Nimerudi. Ni kweli, maji yalikuwa ya kuunguza mkono. Jana nilipima kwa kidole, povu likaja. Karai nililifungia kabatini pamoja na sufuria ya maji moto, likakaa saa moja na dakika 50. Mkate ulipanda ukapita ukingo wa sufuria! Ndani laini, vitundu vidogo vidogo, pacha wamekula na chai bila hata siagi. Nashukuruni sana. Lakini kitako kimeungua kidogo.

Shamberere_K
Mchanga uliweka kiasi gani?

MamaPacha58, Nakuru
Kidole kimoja tu.

Shamberere_K
Ongeza kingine, na utoe makaa mawili chini.