Moduli ya kukokotoa maji kujaa na kupwa haina mtunzaji: nisubiri au nitoe nakala yangu?

Ngalawa_Tanga
Habari zenu, ndugu zangu. Niko Tanga mjini, na ninatumia moduli ya Python ya chanzo huria kuandaa majedwali ya maji kujaa na kupwa kwa wavuvi na wakulima wa mwani, ambao kazi yao hutegemea bamvua. Tangu niweke toleo jipya la NumPy (maktaba ya Python ya hesabu za namba) moduli imegoma, kwa kuwa bado inaita np.float, jina lililoondolewa katika toleo la 1.24. Nimetuma marekebisho lakini sijajibiwa, na maombi ya wengine walionitangulia yamelala humo humo. Leseni ni ya MIT. Je, niendelee kusubiri, au nitoe nakala yangu kwa jina jipya?

Msimbo_Pangani
Kaka, leseni ya MIT inakuruhusu, mradi tu ubakize tamko la hakimiliki na matini ya leseni yenyewe. Usisubiri. Ukilitaka jina lile lile kwenye PyPI (hazina ya mtandaoni ya vifurushi vya Python), fuata utaratibu wa PEP 541, kanuni ya kuhamisha majina ya miradi iliyoachwa, ambao utakudai uthibitishe kwamba ulimtafuta mwenye mradi ukamkosa, na ueleze kwa nini jina jingine halifai. Kwa maoni yangu, jina jipya lina usumbufu mdogo zaidi.

Bi_Mwambani
Mimi nisingekimbilia jina. Programu ya kisayansi inaweza kukubali kufanya kazi na bado ikatoa majibu ya uongo, kwa hiyo kabla ya kugusa mstari wowote, endesha toleo la zamani pamoja na NumPy ya zamani, uhifadhi majibu yake, kisha uyalinganishe na ya toleo ulilorekebisha. Baada ya hapo yapime yote mawili kwa vipimo halisi: takwimu za kila saa za Zanzibar hutolewa bure na Kituo cha Usawa wa Bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii. Tumia kipindi kirefu, kwa sababu S2 na K2 (sehemu mbili za maji kujaa na kupwa zenye vipindi vinavyokaribiana sana) hazitenganishwi vizuri pasipo takwimu za takriban nusu mwaka, na marekebisho ya mzunguko wa miaka 18.6 wa njia ya mwezi hubadilisha M2, sehemu kuu inayoletwa na mwezi, kwa asilimia 3.7 hivi tu, kiasi ambacho jaribio la mwezi mmoja halitakifichua.

Angalia pia saa, hasa kama unakusanya taarifa kwa wavuvi. Mvuvi akikuandikia kwamba maji yalijaa saa kumi jioni, nawe ukaingiza 10:00 badala ya 16:00, umepotea kwa saa sita, ambazo ni karibu sawa na muda wa maji kutoka kujaa hadi kupwa; jedwali litapinduka, na kwa macho litaonekana zuri kabisa.

Msimbo_Pangani
Hilo la majaribio nakubaliana nalo. Yaambatanishe na ombi lako, kwani mtunzaji aliyechoka huona wepesi kupokea badiliko dogo lenye ushahidi kuliko furushi la mabadiliko.

Ngalawa_Tanga
Ahsanteni. Nitaligawa ombi langu: np.float peke yake, majaribio peke yake. Kisha nitamwandikia mtunzaji barua pepe, si kumwomba anipitishie kazi tu, bali kumuuliza kama atanipa ruhusa ya kupitia maombi ya wenzangu. Wakati huo huo wavuvi watatumia nakala yangu, nami nitaandika kwenye ukurasa wake wa kwanza kwamba ni ya muda na imetokana na mradi upi.