Adapta ya pembe pana inaua ukali wa picha?

Swali
Wakuu habari zenu. Kamera yangu ya video lenzi yake haibadilishwi, mdomo ni milimita 37. Narekodi sherehe kwenye vyumba vidogo, na hata mgongo ukigusa ukuta bado watu wa pembeni wanakatwa. Nimefunga adapta ya 0.45x, yaani kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi ili picha iwe pana. Sasa wanaenea wote, ila pembe za picha zina ukungu, fremu ya mlango imepinda, na nikivuta zumu hadi mwisho hakuna kinachoonekana vizuri. Ni mbovu, au ndivyo zilivyo?

Jibu 1
Ya zumu ni kawaida mkuu. Adapta nyingi nyepesi hufanya kazi upande wa pana tu. Ukivuta, fokasi inakataa. Zipo zinazokubali zumu yote, ila ni kubwa na nzito.

Jibu 2
Mimi tatizo naliona kwenye hiyo 0.45. Tuseme lenzi yako inaanzia upana wa milimita 40 kwa kipimo cha filamu ya 35mm (namba ikishuka, picha inakuwa pana zaidi). Kwa 0.45x unashuka hadi 18, na hapo kioo cha bei ndogo lazima kipinde mistari na kuacha rangi ya zambarau kwenye kingo za vitu vyeupe. Aliyekaa pembeni naye anatanuka uso, na hilo mwenye sherehe hatalipenda kabisa. Kwa 0.7x unapata 28. Kwa chumba cha kawaida inatosha, na sura za watu zinabaki zao.

Kabla ya kununua nyingine, bandika gazeti ukutani, kamera kwenye stendi, rekodi ukiwa na adapta na bila adapta. Tazama kwenye skrini kubwa, kile kioo kidogo cha kamera kinaficha mengi. Kisha punguza tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga, hadi f/4 au f/5.6 urudie, mara nyingi pembe zinapata nafuu. Na kama kuna filta chini ya adapta, itoe, maana inaisogeza mbele na kutia weusi kwenye pembe.

Muuliza swali
Shukrani sana mkuu. Filta ipo kweli, naitoa leo. Na mwanga, haupungui?

Jibu 2
Kwa kiasi cha kuhisi, hapana. Shida ni taa za pembeni: kioo kimetokeza na kivuli cha lenzi (kile kikinga mwanga cha kufunga mbele) hakiingii tena, kwa hiyo taa ikikipiga picha nzima inapauka. Kinga kwa mkono, ila uchunge vidole visiingie kwenye picha.