Plastiki za ndani ya gari kutoka bege kwenda nyeusi: kuchemsha na rangi, spreyi, stika au kununua nyeusi kabisa?

Premio_wa_Busia

Wadau salamu. Nina Premio ya 2004, ndani ni ile bege ya Kijapani, na vumbi letu la marramu, barabara za udongo mwekundu, mnalijua, naosha Jumamosi na Jumatatu mlango wa dereva pale mkono unapoegemea umeshakuwa kahawia tena. Kava ya gia imechakaa kingo mpaka inang'aa kama mfupa. Nataka nyeusi. Siendi dashibodi yote kwanza, naanza na vipande vinavyotoka: fremu za switchi za vioo milango minne, kava ya gia, paneli za milango na zile kava za nguzo za kioo cha mbele.

Fundi mmoja ananiambia spreyi, mwingine anasema chemsha na rangi ya nguo kwenye sufuria, jirani yangu anasema stika imalize. Kila mtu anasifia ya kwake. Nataka kusikia aliyefanya kwa mikono yake na imekaa zaidi ya mwaka, manake gari hii naishi nayo, sitaki kuifanya mara mbili.

FundiRangi_Ndeeba

Kaka, kabla hujauliza rangi gani, uliza plastiki gani. Ng'oa kipande, kigeuze, nyuma utakuta herufi ndogo kati ya alama mbili za mshale, >PP< au >ABS< au >PA66<, wakati mwingine >PP+T20<, hiyo maana yake PP iliyochanganywa na unga wa talki asilimia 20. Hapo ndipo kazi yote inapoamuliwa.

PP ni ndugu wa plastiki ya jerikani. Chukua jerikani ya njano ya maji, ipake rangi yoyote ya bati, iache nje, utaona inavyotoka maganda kama kitunguu. Uso wake haushiki kitu. Na ndani ya gari PP ndiyo nyingi, paneli za milango, kava za nguzo, sehemu za chini miguuni. Fremu za switchi na kava ya redio mara nyingi utakuta ABS, hiyo ni rahisi, inashika. PA ni nailoni, nayo huwa vishikio na vitu vinavyobeba nguvu.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: PP ni spreyi na praima ya plastiki, ile nyepesi isiyo na rangi, na uhakikishe kwenye kopo imetajwa PP. ABS ndogo unaweza kuchemsha au spreyi, zote zinakubali. Anayekwambia njia moja kwa gari zima hajageuza kipande akasoma.

Stika_Kawempe

Mimi nabandika stika za magari, sitaficha. Stika kwenye fremu bapa ni safi sana, haina harufu, ukichoka unabandua unarudi bege yako siku ya kuuza gari. Lakini kwa paneli ya mlango yenye vinyweleo kama ngozi, na mikunjo ya kuingia ndani, siishauri, na nawaambia hata wateja wangu. Gundi inashika vilele vya vinyweleo tu, mashimo yanabaki na hewa, gari ikishinda juani kona zinaanza kunyanyuka. Stika ni kwa mapambo bapa basi.

MamaBatiki_Jinja

Mimi si mtu wa magari, ni mtu wa vitambaa, ila kwenye sufuria hapo nina la kusema kwa sababu mume wangu alinikuta na rangi zangu akaleta plastiki za Noah yake.

Mnasema "rangi ya nguo" kana kwamba ni kitu kimoja. Rangi ya pamba inashika pamba. Ukiweka plastiki ndani utachemsha mpaka mkaa uishe na kitakachotoka ni kile kile ulichoingiza, kichafu kidogo. Inayoingia kwenye plastiki ni ile ya polista, inayotaka maji ya moto sana. Rit, watengenezaji wa rangi za nguo, kwa mfano wana ya kawaida na wana DyeMore, ya kazi hii ni DyeMore, ile ya kawaida kwa ABS haisaidii. Nailoni inakunywa kuliko zote, ABS inakunywa polepole, PP karibu hainywi kitu. Tulijaribu kwa macho yetu, vipande viwili sufuria moja dakika zile zile, cha ABS kilitoka cheusi, cha PP kilitoka kama kimenyweshwa chai.

Sasa moto. Watu wengi wanaharibu hapa. ABS inaanza kulegea karibu na nyuzi 100. Huku kwetu Jinja maji hayafiki 100, tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, Kampala karibu 1,200, maji yanatokota kwenye 96 hivi, Kabale karibu 93. Mtu anaona basi niko salama, hapana, kipande chembamba kwenye 96 kinapinda vizuri tu, na kikigusa kitako cha sufuria pale chini ni moto kuliko maji yenyewe. Mimi naweka 80 mpaka 85. Kama huna themomita, subiri mvuke na vile vipovu vidogo vinavyokaa chini ya sufuria bila kupanda, yakianza kutokota toa mkaa kwenye sigiri, usipunguze maji. Kipande naking'iniza na waya kisiguse chini wala pembeni. Tone la sabuni ya vyombo ili rangi isikae kwa madoa. Halafu geuza geuza, usiondoke.

Nyeusi inapoanza utaiona kahawia au zambarau, usishtuke, iache, nusu saa na zaidi. Ukikitoa kiache kipoe polepole juu ya kitu bapa, suuza mpaka maji yawe meupe. Na sufuria hiyo isirudi jikoni tena, wala mwiko wake.

Uzuri wake ni kwamba rangi iko ndani ya plastiki, haiko juu. Kwaruza na ukucha, hakuna kinachotoka, vinyweleo vyote viko vile vile. Ubaya ni kwamba unakwenda upande mmoja tu, kutoka nyeupe kwenda giza. Mwenye nyeusi anayetaka bege asihangaike.

Arua_Moja

Mimi nitasema ile yenye ilinipata. Nilinunua spreyi mbili ya nyeusi, nikapanguza paneli na kitambaa chenye maji, nikapiga. Ikatoka nzuri nikaita watu waone. Baada ya wiki moja upande wa dereva ikaanza kuwa na vijishimo kama macho ya samaki, halafu nikifunga mlango ukucha ikigusa inatoka kipande kizima kama ngozi ya nyoka. Sababu niliielewa nyuma: kila mahali nilipokuwa naosha gari walikuwa wanapaka ile polishi ya kung'arisha dashibodi, iko na silikoni ndani, na gari imepakwa hiyo miaka na miaka. Silikoni haitoki na maji.

Mara ya pili nilikwangua yote, nikaosha na sabuni ya vyombo na brashi ya kufulia, mara tatu, nikapanguza na spiriti kitambaa kipya kila mara, ule wa kwanza ulitoka mweusi ti, wa nne ukatoka mweupe ndio nikaamini. Hiyo kazi peke yake ilichukua siku nzima na spreyi yenyewe ilichukua saa moja. Sasa iko mwaka wa pili. Kwa hivyo ndugu ya Busia usihesabu kopo za rangi, hesabu vitambaa.

FundiRangi_Ndeeba

Arua_Moja amesema kitu ambacho wateja hawataki kulipia. Naongeza kidogo. Baada ya spiriti, sugua na ile sponji ya msasa ya kijivu, laini, kuondoa mng'ao tu, usile vinyweleo. Praima ya plastiki mkono mmoja mwembamba. Halafu rangi, kuna spreyi maalumu za plastiki na vinili, SEM wanatengeneza, Dupli-Color pia wanatengeneza, watu wanaziita "dai" lakini si rangi ya kuchovya, ni rangi nyembamba yenye vimumunyisho vinavyoilainisha plastiki juu kidogo ili ishike. Ukizikosa, spreyi ya kawaida nyeusi isiyong'aa itakubali kama chini umefanya kazi.

Mkono wa kwanza uwe kama vumbi, bege bado uione. Dakika kumi. Wa pili. Dakika kumi. Wa tatu unafunika. Ukitaka ifunike mara moja itajaza vinyweleo na mlango utaonekana kama ndoo. Usipige juani saa saba, rangi inakauka hewani kabla haijafika na uso unakuwa mkavu wa kukwaruza, na usipige mvua ikiwa karibu, unyevu unaingia rangi inakuwa na ukungu mweupe. Mimi msimu wa Machi mpaka Mei kazi hizi nazianza saa tano asubuhi chini ya paa, milango wazi.

Na akikuletea mtu klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi, ya kuchanganya na hadina ya kuikausha, ndani ya gereji ya nyumbani mkatalie. Ile ina isosayaneti, kemikali ya sumu, inaingia kifuani, barakoa ya kitambaa haisaidii chochote.

Spesho_MasakaRoad

Mimi naendesha spesho, teksi ya kukodi, nakaa ndani ya gari kuliko ninavyokaa nyumbani, kwa hiyo naomba mnisikilize upande wa dereva. Juu ya dashibodi msiweke kinachong'aa. Nilikuwa na gari amepakwa dashibodi nyeusi ya kung'aa, ukipita Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta jua likiwa utosini, kioo cha mbele kinakuwa na picha ya dashibodi, huoni boda inayokatiza. Nyeusi isiyong'aa ni bora hata kuliko bege, inakaa kimya kwenye kioo. Joto itaongeza, weka kinga ya jua ukipaki.

Kitu cha pili, mbona hamumwambii habari ya kununua nyeusi? Premio nyingine zilitoka Japani na ndani nyeusi. Ukizunguka Kisekka, soko la vipuri Kampala, na picha kwenye simu, fremu za switchi unaweza kuzipata za magari yaliyokatwa, umefunga umemaliza. Ila peleka ya kwako mkononi mlinganishe klipu, mimi nilichukua ya mwaka tofauti tundu la skrubu likakataa kwa milimita chache tu na muuzaji alikuwa hapokei tena.

FundiRangi_Ndeeba

Ni kweli, kwa fremu za switchi ukizipata usijisumbue. Paneli za milango mikononi mwa wauzaji mara nyingi zimekatwa kilipu zote, hizo bora upake za kwako.

Na hii naiandika peke yake. Kava ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, kwenye usukani na ile ya abiria msiguse, si kwa spreyi si kwa maji. Ile ina mstari mwembamba wa kuchanika ndani na haitakiwi kuwa na koti la rangi juu yake. Kabla ya kufungua chochote karibu nayo toa terminali hasi ya betri, subiri dakika kadhaa. Kava za nguzo nazo angalia, kama imeandikwa SRS AIRBAG kuna eabegi ya pazia nyuma yake, iache bege. Na mikanda ya viti isitiwe rangi hata siku moja, nimeona mtu anataka iwe nyekundu. Ule uzi ndio unakushika, rangi na kemikali zinaweza kuudhoofisha na kwa macho hutajua.

MamaBatiki_Jinja

Asante fundi kwa hiyo ya mikanda. Kuna kijana aliniletea nikamrudisha nayo.

Premio_wa_Busia

Nimerudi baada ya wiki tano, samahani kwa kukaa kimya, nilitaka nifanye kwanza ndio niseme.

Niligeuza kila kitu kama fundi alivyosema. Fremu za switchi ABS, kava ya gia ABS, paneli PP+T20, kava za nguzo PP na hazina maandishi ya eabegi. Fremu mbili nilizipata nyeusi Kampala, mbili za nyuma sikupata, nikachemsha na kava ya gia pamoja. Mama wa Jinja umenisaidia sana, dakika ya kumi zilikuwa zambarau kabisa nikakaribia kuzitoa, nikakumbuka maneno yako nikaziacha, dakika arobaini zikawa nyeusi. Ukizishika juani karibu na zile za dukani bado unaona wekundu kidogo kwa mbali, lakini zikiwa mlangoni hata mke wangu hakujua ipi ni ipi. Kava ya gia ile kingo iliyokuwa iking'aa imekunywa rangi zaidi ya katikati, imetoka kama imechorwa mstari mwembamba pembeni. Naishi nayo.

Paneli nimeosha mara nne. Kitambaa cha kwanza kilitoka na mafuta ya kunata kabisa, vidole vinateleza, nikamwelewa ndugu wa Arua. Praima moja, mikono mitatu ya nyeusi isiyong'aa, nikaziacha ndani ya stoo siku tatu kabla ya kufunga. Jana nimebandika selotepu pale mkono unapoegemea, nikasugua na kijiko ishike, nikaing'oa kwa nguvu. Selotepu ilitoka safi. Kava za nguzo nazianza Jumamosi mvua ikikubali.

Arua_Moja

Rudia hiyo selotepu baada ya miezi mitatu kwenye kona ya chini karibu na spika, kwangu ilianzia pale.