Sapu ya inoganiki, rangi za metali zinanitoa jasho

kijana_wa_njiro: Wakuu habari za jioni. Niko home Arusha likizo, nasoma kemia mwaka wa pili na nimelamba sapu (mtihani wa marudio) ya inoganiki. Oganiki nimepita vizuri tu, shida ni hii kristali fildi, ile nadharia ya kueleza rangi za kampaundi za metali. Madesa nimekariri mpaka mchoro wa t2g na eg (yale makundi mawili ya obitali, la chini na la juu) nachora nimefumba macho ila ukiniuliza kwa nini obitali za d, yaani vile vyumba vitano vya elektroni kwenye metali, zinagawanyika naanza kuangalia dari. Nisaidieni jamani, nina wiki tatu.

Mwana Kibosho: Pole mdogo wangu. Mrututu unaujua? Ule wa bluu mzee alikuwa anachanganya na chokaa anapulizia kahawa, ndio kopa salfeti yenyewe. Pasha punje chache moto mdogo kwenye kijiko kibovu (usikirudishe jikoni, ni sumu) unakuwa mweupe, dondoshea maji bluu inarudi. Sasa sikia, ayoni ya kopa ina elektroni 9 za d na imezungukwa na ligandi (vitu vilivyoishikilia metali, hapa hasa maji), obitali mbili zinazotazamana uso kwa uso na ligandi zinasukumwa juu maana hasi na hasi hazielewani, tatu zinazopita katikati zinabaki chini. Elektroni inaruka hilo pengo kwa kula mwanga mwekundu, wewe unaona bluu iliyobaki. Maji yakitoka pengo linapungua, inakula infraredi ambayo jicho haliioni. Ukiweka amonia pengo linapanuka, bluu inakolea. Zinki ina 10, juu kumejaa hakuna pa kurukia, ndo maana zinki salfeti ni nyeupe.

mama_wawili: Mnampoteza mtoto wa watu, wiki tatu hizo afanye past pepa, mi nilipona hivyo hivyo. Kuelewa ataelewa akishavuka.

kijana_wa_njiro: Bro we ndo ungekuwa lekchara wetu!! Ila hapo kwenye zinki kuna kitu kinanisumbua, pamanganeti (ile chumvi ya mangani na oksijeni) mangani yake ni +7, d haina elektroni hata moja, mbona zambarau mpaka inachafua vidole?

Mwana Kibosho: Aisee hilo swali ni la mtu anayepita. Ile sio ya d kwenda d, mwanga ukipiga oksijeni inamsogezea mangani elektroni, wanaita chaji transfa, na inakula mwanga kwa nguvu kuliko kopa mara nyingi sana, ndo maana vipunje viwili vya pamanganeti vinageuza jagi zima la maji na mrututu kiasi hicho hicho huuoni hata. Mama wawili past pepa afanye, ila hili wanapenda kulitega.